Bwana wa Chini ya Kadibodi

Esnart alisimama mlangoni mwa depo ya samaki ya Kashikishi, maji ya mvua yakimtiririka kwenye chitenge, na alichokiona ukutani kikampandisha hasira mpaka masikio yakawaka moto. Ilikuwa picha yake. Ile ya mwaka 1720, ndani ya fremu ya dhahabu aliyoipiga msasa kwa mikono yake mwenyewe, sasa imetundikwa juu ya meza ya kupokelea pesa. Chini yake alisimama Royd, mtoto wa dada yake, na fimbo ya kuonyeshea kama mwalimu wa darasa la tatu.

"Muangalie muzuri," Royd alikuwa akisema. "Hii ni Ulaya, miaka mia tatu nyuma. Munaona vile bantu banakimbia? Juu ya nini banakimbia? Juu makuta, pesa yenyewe, inaanguka kutoka mbinguni, na malaika yeye mwenyewe njo iko anaisukuma na pumzi yake! Bazungu balijua hii kazi zamani. Sisi njo tuko tunachelewa."

Alisema Kiswahili cha ng'ambo, alichojifunza mpakani Kasumbalesa, kwa sababu nusu ya watu waliojaa kwenye mabenchi walikuwa wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Kongo. Nusu nyingine walikuwa watu wa hapa hapa, upande wa Zambia. Ilikuwa Januari, uvuvi umefungwa kwa sheria mpaka Machi, nyavu zimekunjwa, na mtu asiye na kazi ana masikio makubwa.

Walichokuwa wanauziwa kiliitwa Baraka. Unatoa pesa, unapewa karatasi yenye muhuri mwekundu, na karatasi moja ni kizimba kimoja cha samaki wa kufuga ndani ya ziwa. Jumamosi ya kwanza unarudishiwa nusu, na baada ya siku arobaini unalipwa mara mbili. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kizimba hata kimoja. Watu wa kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani, walisema wamesikia viko upande wa Chienge, na watu wa Chienge walisema wamesikia viko Kilwa, na kila upande ulikuwa umeridhika kabisa na maelezo hayo.

Kilichomkera Esnart zaidi ni kwamba picha aliitoa mwenyewe. Jumatatu Royd alikuja dukani kwa Esnart, duka la fremu, akasimama mbele ya ukuta wake wa picha, akatikisa kichwa kwa mshangao na kusema ni vitu vizuri hivi, mayo, mama yangu, nikopeshe kimoja ukumbi upendeze. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuziangalia picha zile mara mbili. Dada zake waliziita makaratasi ya panya. Basi Esnart akafurahi kama mjinga, hakuuliza ukumbi gani wala wa kazi gani, akaifunga kwenye gazeti na kumkabidhi. Leo Alhamisi ndiyo amepita na kuona.

"Royd!" alipaza sauti. "Shusha ile picha! Haisemi vile! Ile picha ilitengenezwa juu ya kucheka bantu bajinga, bantu balinunua upepo!"

Vichwa sitini vikageuka. Royd hakutetereka. Alitabasamu kwa adabu zote, akainama kidogo na kupiga makofi mawili ya heshima, kama inavyompasa mtoto mbele ya mama.

"Bantu bote, huyu njo mama yangu, mwenye picha. Miaka mitatu aliitunza mu kioo, mu kadre ya dhahabu. Mbele ya hasira yake mimi sina neno. Lakini nyiye mwenyewe museme: mutu anaweza kutia ujinga mu kioo?"

Watu wakacheka. Misheck, fundi wa kushona nyavu, ambaye karatasi yake ya Baraka ilichungulia kwenye mfuko wa shati, alisimama na kusema kwa Kibemba, polepole, bila ubaya wowote.

"Mama Esnart, marehemu mke wangu nilikuletea picha yake, ukaitia fremu nyembamba nyeusi. Hii umeitia ya dhahabu. Sasa kama hii ni ya wajinga, mke wangu alikuwa nini?"

Esnart aliitazama ile dhahabu. Kwenye ufuko huu wote kioo ni heshima. Kinachotiwa kwenye kioo ni marehemu aliyependwa, ni harusi, ni Moyo Mtakatifu wa Yesu, ni cheti cha mtoto aliyemaliza shule. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakatia kioo hicho kwa miaka ishirini na miwili, na yeye ndiye aliyewafundisha hivyo.

Alipanda juu ya benchi na matope yake, akaiondoa picha kwenye msumari. Hakuna aliyemzuia, maana Royd hakuweza kumshika mama yake mkono mbele ya watu.

"Niko narudi," alimwambia. "Na huyu bwana wa mu picha iko anarudi na mimi, lakini hatavaa nguo."

Duka lake lilikuwa hatua hamsini kutoka pale, kibanda cha mabati kati ya muuza chisense, wale dagaa wa ziwani, na muuza simu. Aliilaza picha kifudifudi mezani, akachukua koleo na kuanza kung'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja. Msumari wa tatu ulimchana kidole, akaulaani, akaendelea.

Picha hizi hakuzitafuta, zilimjia. Germaine, mfanyabiashara kutoka upande wa Kongo, alikuwa akimletea fremu kuukuu kutoka kwenye nyumba walizoziacha Wabelgiji. Fremu moja ilikuwa na picha ya harusi, nyingine na Bikira Maria, na Esnart alipozifungua ili azitumie upya, mara nyingine alikuta karatasi nyingine nyuma, nzito, ya manjano, imefanywa mto wa kuzuia picha isicheze. Ya kwanza, ambayo ndiyo hii, alitaka kuifungia misumari. Akaigeuza. Akaona watu wenye nywele za kubandika wakikimbizana barabarani na makaratasi mikononi, mmoja amevaa kofia yenye masikio ya punda, na chini yao bwana mmoja juu ya meza, akacheka peke yake mpaka muuza chisense akaja kuuliza kuna nini.

Maandishi yalikuwa ya Kiflamandi. Mwaka ule ule alivuka ziwa na ile picha ndani ya bomba la plastiki, akaenda kwa padre mmoja mzee wa huko, Mflamandi, ambaye sasa ni marehemu. Padre alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Alimweleza kwamba mwaka 1720 watu wa kwao walinunua karatasi za makampuni ambayo hayakuwa na kitu, wakaziuziana kwa bei kila siku juu zaidi, hadi siku moja hakuna aliyetaka kununua. Walionusurika wakachora picha za kuwacheka walioangamia. Padre alisema wao wenyewe waliiita biashara ya upepo. Akamwandikia maana kwa penseli nyuma ya karatasi.

Tangu hapo Esnart alizitafuta. Kila fremu ya Germaine aliifungua kwa pumzi iliyokatika. Kwa miaka kumi alipata saba. Mzungu mmoja mtafiti wa samaki aliziona, akataka kumpa dola mia mbili kwa kila moja, pesa taslimu, na Esnart akamwambia aende akanunue samaki. Lakini yule mzungu aliacha namba yake ya simu, na namba ile bado ilikuwa imechomekwa kwenye msumari.

Misumari yote ikatoka. Aliinua ubao wa nyuma, akatoa kadibodi nyeupe aliyoiweka kuzunguka picha, na yule bwana akaonekana.

Alikuwa amechuchumaa juu ya meza, suruali magotini, uso umekunjamana kwa kusukuma, na kutoka nyuma yake yalikuwa yakishuka makaratasi yenye mihuri. Chini yake watu wazima, mabwana na mabibi wenye vitambaa vya lesi, wamepiga magoti na kuyakinga kwa kofia. Hiyo ndiyo ilikuwa picha. Makaratasi yaliyoruka juu yalitoka kwa bwana huyu, na yule wa mawinguni hakuwa malaika, alikuwa mwendawazimu mwenye mashavu yaliyovimba. Esnart alimfunika bwana yule miaka mitatu iliyopita, siku ile ile alipoitoa picha kwenye bomba na kuitundika mara ya kwanza, wanakwaya walipokuja kuchukua picha zao na mke wa mchungaji akafumba macho na kusema, Ba Esnart, hata aibu? Basi akakata kadibodi, ikapanda mpaka theluthi ya picha. Iliyobaki juu ilikuwa watu wenye furaha, wanakimbilia pesa.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti. "Mjinga mwenye kisu kikali."

"Yaya, uko unatukana nani?"

Germaine aliingia amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatua fremu nne chini na kukaa juu ya debe lake la siku zote. Alikuwa mdogo kwa Esnart kwa miaka sita, ndiyo maana alimwita yaya, dada mkubwa, naye alikuwa na mabega ya kubeba. Mwaka jana alikuwa amenunua mtumbwi mkubwa wa mbao, ukamlia pesa zote, ukawa umekaa ufukweni kwao ukisubiri injini. Alikuwa amechoka kupanda boti za watu, ambao walimkalisha juu ya samaki wa wenzake na kutupa fremu zake kwenye maji ya chini. Dola elfu moja na mia nane alikuwa amezikusanya kwa miaka sita. Safari hii alikuja kununua injini, mwenye nayo alikuwa Nchelenge anamngojea.

"Motere iko wapi?" Esnart aliuliza. "Ulimuona mwenye motere?"

"Awa, sikuenda kwake." Germaine alicheka kidogo, macho yakang'aa. "Yaya, nikuambie. Asubuhi nilishuka mu boti, nikapita pale ku depo. Nikaona picha yako ku ukuta. Nikasema, bon, kama Ba Esnart iko ndani, ule mwanamuke mukali, anapimaka kioo mara tatu mbele ya kukata, basi hii kintu ni ya kweli. Nililipa yote. Siku ya posho banarudisha nusu, ile ingine kisha siku makumi ine, mara mbili. Nitanunua motere mbili!"

Esnart alikaa chini. Siku ya posho ndiyo Jumamosi, kesho kutwa.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi, Royd akurudishie."

"Haiwezi. Nilimuomba mia moja tu ya kulala na ya kula. Anasema makuta ilienda na gari ya asubuhi, ku bakubwa." Ndipo Germaine alipoiona picha mezani. Aliinama. Tabasamu likamtoka taratibu. "Ule mutu pale chini anafanya nini?"

"Anakunya, Germaine. Anakunya makaratasi. Na bale bengine banapokea mu kofia. Hiyo njo picha yote. Inabacheka bantu ba Baraka, Baraka ya zamani."

Mvua ilipiga mabati. Esnart alianza kuifuta picha vumbi ili aibebe, na mkono wa Germaine ukamshika kiwiko, kwa nguvu.

"Unaipeleka wapi?"

"Ku depo. Baone."

"Hapana, yaya. Hapana. Sikia." Sauti yake ilishuka. "Ukibaonyesha leo, batacheka, hakuna mutu atalipa tena. Na kama hakuna mutu atalipa leo, Royd atanilipa na nini siku ya posho? Mufunike. Rudisha ile karto. Siku mbili tu, yaya. Nikisha kupata yangu, umufunue, umutembeze Nchelenge muzima, mimi mwenyewe nitakubebea."

"Na ile makuta ya siku ya posho itakuwa ya nani?"

"Sijue ya nani."

"Mimi najua! Beko pale, bamekaa ku benchi!"

"Na mimi?" Germaine alipiga kelele sasa. "Mimi siko mutu? Miaka sita! Unataka kunizika juu ya bantu hata salamu hawakupake?"

Esnart alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Alimkasirikia Germaine kwa kuwa mwenye haki, alimkasirikia Royd, mke wa mchungaji, wanakwaya wote na sauti zao. Kadibodi ilikuwa pale mezani, safi, na kuirudisha ilikuwa kazi ya dakika tano. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akachukua picha bila fremu yake, akaifunika kwa chitenge cha pili na kutoka, na hakuangalia nyuma kwa sababu alijua angerudi.

Kule depo mstari ulikuwa umefika mlangoni. Mbele kabisa, mezani, alikuwa Mutale, mjane anayekausha samaki, akifungua pindo la kitambaa chake lililofungwa mafundo matatu. Royd alikuwa na kalamu mkononi. Esnart aliwapita wote, akaiweka picha mezani juu ya kitabu cha risiti.

"Ba Mutale," alisema kwa Kibemba, "kabla hujafungua fundo la mwisho, mwone huyu bwana. Alikuwa kwenye picha siku zote. Mimi ndiye nilimficha."

Mutale aliinama. Akaangalia, akaangalia tena, akaweka kiganja mdomoni.

"Mayo! Si anakunya huyu!"

Kicheko kilianza kwa aliyekuwa nyuma yake, kikapita mstari mzima hadi nje kwenye mvua. Watu walisukumana waone. Esnart alisoma maneno ya padre kwa sauti kubwa, kwanza kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili cha watu wa ng'ambo: "Huyu bwana alikula upepo mwaka muzima. Sasa muangalie kintu anatoa, na muangalie bale banapokea." Misheck hakucheka. Alitoa karatasi yake mfukoni, akaiweka kando ya zile za bwana yule, akalinganisha muhuri na muhuri, akakaa chini sakafuni. Mutale alikuwa tayari amefunga mafundo yake, na akaongeza la nne.

Royd alikuwa amepauka. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka, na kwa mara ya kwanza siku ile alisahau adabu.

"Mayo, umeniua! Siku ya posho nitalipa bantu na nini?"

Alilisema mbele ya watu sitini. Kicheko kikakatika. Kila mtu alisikia, na Royd naye alionekana akijisikia mwenyewe, maana aligusa midomo yake. Kisha makelele yakaanza, na meza ikapinduka. Esnart alipata tu muda wa kunyakua picha yake. Royd alitorokea dirishani, na kabla ya saa tisa alikuwa ndani ya gari la kwenda Mansa. Masanduku ya pesa yalipofunguliwa yalikuwa na kwacha mia tatu na muhuri mwekundu.

Germaine alirudi dukani boti za jioni zilipokuwa zinapakia. Hakukaa kwenye debe. Esnart alikuwa ameshateremsha zile picha sita nyingine ukutani, akazifunga kwa plastiki na kamba, na juu yake ameweka ile namba ya mzungu.

"Alisema mia mbili kila moja," alisema. "Ukipiga leo atakuja. Haitoshi motere, najua. Hii ya saba pia nitaifunga, chukua yote."

Germaine aliinua furushi, akalipima uzito mkononi kama anavyopima fremu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Miaka mitatu nilikuwa naingia humu," alisema. "Nakaa palepale, ananiangalia palepale. Kama ungemuacha wazi, yaya, siku ya kwanza tu ningeuliza: huyu anafanya nini? Na ungeniambia. Tungecheka."

"Ndiyo," alisema Esnart.

"Sita inatosha. Huyu ubaki naye. Umuangaliake."

Akatoka na furushi chini ya mfuko wake wa plastiki. Zile fremu nne alizokuja nazo asubuhi hakuzitaja, hazikulipwa, na Esnart hakuzifungua. Alisikia injini ya boti ya watu ikiwashwa, ikikohoa, ikishika.

Alimtundika yule bwana kwenye msumari wake, bila fremu, bila kioo, akikabili mlango ili kila anayeingia akutane naye. Kisha akaichukua kadibodi aliyomfunikia, akaigeuza kwenye mwanga, akitafuta kosa lolote, pembe iliyopinda, mahali kisu kilipoteleza, apate angalau kitu cha kukilaani. Hakuna. Ilikuwa imekatwa vizuri kuliko kazi yoyote aliyoifanya mwaka ule.